Herufi Tatu Baada ya Nukta

Theluji imekaa juu ya mapaa ya Kranj tangu Jumanne.
Huu ni mwaka wa kumi na tisa
tangu niandike mstari wa kwanza wa programu hii,
daftari la wafuga nyuki,
na asubuhi yote nimeshika herufi tatu
kama mtu aliyeokota funguo njiani
asijue ni za mlango gani.

Pan.
Nilizikata kwenye neno letu la mzinga.
Neno lenyewe lina herufi nne;
ya mwisho, ile laini, niliiacha nje
kwa kuwa kompyuta ya baba mkwe
ilimeza tatu tu, ya nne ikaitema.
Nani aliniuliza? Hakuna.
Watumiaji tulikuwa wawili, na mmoja ni mimi.

Sasa herufi zilezile wanazo wapiga picha,
kampuni nene yenye mawakili,
inayounga picha za milima ubavu kwa ubavu.
Mzee Ludvik kule Bohinj alipobofya mzinga namba saba
kilifunguka kidirisha cheusi:
Picha hii imeharibika.
Akanipigia simu, sauti imepauka:
"Zdenka, nyuki wangu wameharibika?"

Kiendelezi, ndilo jina lake la kitaalamu.
Kijitu cha mkiani. Hakibebi hata gramu ya asali,
hakijui tarehe wala idadi ya fremu;
kazi yake kusimama mlangoni na kusema
huyu ni wa nyumba ile.
Ukikigusa, nyumba nzima inatoka nje kuuliza.

Na walitoka.
Fuata nyuki ule asali, husemwa;
mimi nimefuata wafugaji, nimekula maombi.
Silva wa Ptuj ataka lebo za chupa, maandishi makubwa,
kisha ataka lebo zenyewe ziwe ndogo.
Ciril haoni tofauti ya nyekundu na kijani:
rangi ya malkia, tafadhali, iandikwe kwa neno.
Miaka kumi na tisa sikuwahi kufikiri hilo. Niliona haya.
Mtoto wa miaka kumi na moja auliza
kwa nini mizinga ina namba na haina majina.
Na mmoja, asiyetia sahihi:
"Kitufe cha kijani kirudi kushoto.
Ulikihamisha bila ruhusa."
Niliandika yote nyuma ya bahasha ya bili ya umeme,
nikafuta, nikaandika tena.

Halafu barua ya Marjeta.
Karatasi hasa, stempu imebandikwa upogo.
"Nikibadilisha jina la mwenye mizinga
kumbukumbu zote za nyuma zinageuka zangu.
Si mimi niliyeuokoa ule wa tano wakati wa baridi kali.
Ni Jernej. Mimi nilikuwa nimelala.
Waweza kufanya jina jipya lianze leo,
lisirudi nyuma?"

Nikakaa.
Chai ikapoa, ikafanya utando.
Lisirudi nyuma.

Usiku huo nilianza na ombi lake,
na ndani yake nikakuta langu limeshatatuliwa nusu:
faili mpya zitavaa herufi nne,
ile laini imerudi nyumbani;
za zamani zitafunguka kwa jina lao
hadi mtu wa mwisho atakapozifunga.
Programu isome yote mawili, iandike moja.
Hakuna kumvua mtu jina akiwa usingizini.

Lebo, tayari. Neno la malkia, tayari.
Majina ya mizinga: mtoto kashinda.
Kitufe cha kijani: hapana. Nilieleza kwa nini,
na bado kuna mtu amenuna.

Ludvik hakungoja toleo jipya.
Alibadilisha mwenyewe, kwa kidole kimoja,
akanitumia faili niione:
saba.pan.panj.mpya.yakweli
Nikaiburuta ndani ya programu. Ikafunguka.
Malkia: bluu. Fremu: nane.
Na kwenye nafasi ya maoni, tarehe ya jana:
nimetega sikio, wanavuma.